Naomba ushauri: namba za pikipiki yangu zimebandikwa kwenye pikipiki nyingine

Wanajamvi, salamu. Ninaletewa madai ya faini kwa makosa yaliyonaswa na kamera katika barabara ambazo sijawahi kupita, na katika picha mojawapo pikipiki inayoonekana ina namba zangu za usajili, ingawa rangi yake, tangi lake na hata taa ya nyuma ni tofauti kabisa na za kwangu.

Ninaelewa kwamba kibao ni kitu rahisi kughushi, na kwamba utambulisho wa kweli wa chombo ni namba ya chesisi iliyogongwa kwenye fremu, ambayo kwa pikipiki nyingi za kisasa huwa na herufi na tarakimu 17, pamoja na namba ya injini. Zote mbili zinalingana na kadi yangu. Tatizo ni kwamba kamera haisomi chesisi, inasoma kibao tu. Na kinachonitia hofu zaidi ya faini ni kwamba mwenye namba hizo bandia akipora au akigonga mtu na kukimbia, wa kwanza kutafutwa nitakuwa mimi.

Je, nianze kwa kutoa taarifa polisi, au nianze na mamlaka ya usajili ili pikipiki ikaguliwe na nipewe namba mpya? Nikilipa faini hizi ili kuepuka usumbufu, sitakuwa nimekiri kosa? Kwa aliyewahi kushughulikia jambo hili, ni ushahidi gani ulikubaliwa?