Insulini ya mzee: Dar hadi Makete mwezi wa saba

Kutoka: Mama Pacha, Reading

Kamwene ndugu zangu,

Mwezi wa saba nampeleka baba nyumbani Makete. Amekaa nami hapa miaka 6 na sasa anasema akifa bila kuiona Kitulo tutamjua. Ana kisukari, anachoma insulini za aina mbili: ya usiku na ile ya kabla ya kula, zote za kalamu (sindano yenye umbo la kalamu, dawa iko ndani). Tutashuka Dar, tulale usiku mmoja, kisha basi hadi Njombe na gari ya kukodi kwenda Makete. Famasi wameniambia ikae nyuzi 2 hadi 8, basi, hawakuongeza neno. Nimenunua kiboksi cha barafu lakini najua tukifika Morogoro ni maji matupu. Nifanyeje? Na uwanja wa ndege watamruhusu kupita na sindano?

---

Kutoka: Mtani wa Ipogolo, Leicester

Kamwene Mama Pacha. Mpe mzee shikamoo yangu.

Barafu ikiyeyuka Morogoro, shukuru Mungu. Mimi iliyoniponza ni ile isiyoyeyuka.

Juni 2019 nilikwenda Njombe kwenye msiba wa shangazi. Nikaweka insulini yangu ya akiba kwenye friji ya shemeji, rafu ya juu kabisa, boksi limegusa bati la kugandishia. Asubuhi nalivuta, haling'oki. Nikalibandua na upande mzima wa boksi ukabaki umenata kwenye bati. Nikaipasha moto viganjani, nikaitazama kwenye mwanga wa dirisha: safi kama maji ya kisima. Nikasema nzima hii. Siku mbili mashine ya sukari inasoma 19, inasoma 22, juu mno, nakunywa maji kama ng'ombe aliyefika mtoni, usiku mzima niko njia ya chooni na hiyo baridi ya Njombe unaijua. Nikalaumu pilau la msibani. Hospitalini nesi aliniuliza swali moja tu: "Iliganda?"

Insulini ni protini. Ikishaganda imevunjika, na kuiyeyusha hakuirudishi, hata kama kwa macho haina kasoro. Inatupwa. Kwa hiyo kwa safari ya mwezi wa saba kwenda Makete, ambako kuna asubuhi majani yanaamka meupe, mimi ningehofia baridi kuliko jua.

Hizo nyuzi 2 hadi 8 ni za akiba ambayo haijafunguliwa. Kalamu ambayo mzee ameshaanza kuitumia inakaa nje ya friji. Nyingi zinavumilia siku 28, mradi joto lisizidi nyuzi 25 au 30 kutegemea aina. Soma kikaratasi cha ndani ya boksi lake, aina hazifanani. Kalamu hiyo haihitaji barafu kabisa. Makete aitembeze mfuko wa ndani wa koti, na usiku ilale naye chini ya blanketi. Isiwekwe dirishani, isiachwe ndani ya gari.

Joto utakutana nalo Dar, halafu kipande cha Mikumi hadi Ruaha Mbuyuni, mchana, basi limejaa na mapazia hayafungi. Ukishapanda mlima wa Kitonga mambo yanageuka, Ilula pale wanapouza nyanya watu wanaanza kutafuta masweta. Kwa kipande hicho tafuta pochi ya maji, ile ya kitambaa yenye punje ndani. Unailoweka kwenye maji ya kawaida dakika kama 10, punje zinavimba zinakuwa laini kama mlenda, unaifuta, unaweka kalamu. Inapoza kwa maji yake kukauka, kama mtungi wa bibi. Ndiyo maana usiifungie kwenye mfuko wa nailoni, haitapumua. Iwe mkobani, mkoba uwe mapajani. Buti ya basi hapana. Na konda atakuambia kwa wema kabisa, "Mama lete niiweke kwenye friji ya soda." Mshukuru, ukatae.

Jambo lingine ambalo hukuuliza. Ile sindano ya kabla ya kula, mzee asichome mpaka sahani iko mbele yake. Basi linasimama dakika 20, foleni ya chipsi kuku ndefu, honi inalia, mnarudi ndani na njaa na dawa imeshaingia mwilini. Au lori linakufa kwenye kona ya Kitonga mnakaa hapo saa 3. Beba glukosi ya unga na soda yenye sukari, si ile ya dayati, mkononi.

---

Kutoka: Nesi wa Tukuyu, Minnesota

Mtani amesema vizuri, ila pochi ya maji si friji. Inazuia joto kali tu, haishuki hadi nyuzi 8. Akiba ukishaitoa kwenye baridi na kuiweka humo, anza kuhesabu zile siku zake kuanzia siku hiyo. Andika tarehe kwenye boksi kwa kalamu ya wino. Na kwa unyevu wa Dar pochi inafanya kazi kivivu, usiitegemee sana pale.

Kwenye ndege dawa yote iwe mkononi, hakuna hata moja kwenye begi la chini. Kule inaweza kuganda, na begi lenyewe linaweza kubaki njiani. Igawe mara mbili, nusu kwako nusu kwa mzee. Omba barua kwa daktari wake yenye majina ya dawa na sindano, na dawa zibaki kwenye maboksi yenye lebo ya jina lake. Mbele ya mashine ya ukaguzi sema mwenyewe kabla hawajafungua. Ukiwa na barua sindano si tatizo.

Chukua akiba ya mara mbili ya siku mtakazokaa. Vituo vingi vya serikali nyumbani utakuta insulini ya chupa, ile ya mchanganyiko 30/70 au ya maji maji ya haraka, si kalamu hizi za Ulaya. Zinasaidia, lakini huwezi kuhamisha uniti kwa uniti bila daktari. Mkipewa chupa, tazama imeandikwa uniti 100, na bomba la sindano liwe la 100, lenye kofia ya rangi ya chungwa. Kofia nyekundu ni la 40, na ukichanganya hapo unakosea mara mbili na nusu.

Stripu za kupimia sukari nazo zinaharibika kwa joto na unyevu, kifuniko kifungwe kila mara. Na asubuhi ya Makete mashine ya sukari inaweza kugoma kwa baridi. Iweke kwapani kidogo, itaamka.

---

Kutoka: Kijana wa Uyole, Birmingham

Kama hela ipo, ruka Dar hadi Songwe, kama saa moja na nusu hivi, kisha barabara. Mzee atapumzika na dawa haitaliona jua la Mikumi.

Makete kama nyumbani hakuna friji, wala usihangaike kutafuta. Nunua kithermometa cha chumba, kile kidogo. Kaa nacho siku ya kwanza, tazama chumba cha ndani kinasoma ngapi usiku na mchana. Sisi kwa bibi tuliweka kwenye sanduku la mbao katikati ya mablanketi, mbali na jiko na mbali na ukuta wa nje. Kithermometa ndani ya sanduku. Hakikushuka chini ya 9.

---

Kutoka: Mama Pacha, Reading

Ndaga fijo wote (asanteni sana, kwa Kinyakyusa; Nesi, nimejitahidi). Kiboksi cha barafu nakirudisha dukani. Nimemsomea baba, amecheka, anasema kumbe insulini nayo ni mtu wa pwani. Songwe amekataa, anataka kuona Kitonga.

Swali la mwisho: ile ya usiku huwa anachoma saa 4 usiku kwa saa za hapa. Kule je?

---

Kutoka: Nesi wa Tukuyu, Minnesota

Mwezi wa saba Tanzania iko mbele ya Uingereza kwa saa 2, kwa hiyo saa 4 yenu ni saa 6 usiku Makete. Anaweza kubaki na hiyo saa 6, au muulize mtu wa kliniki yake kama aiwahishe kwa saa moja kila siku, hadi zitimie 2, kabla hamjaondoka. Muulize wiki hii, siyo siku ya kufunga mabegi. Na akilala mapema kama wazee wa huko, wewe ndiye utakayeamka kumchoma.