Tupeane uzoefu: redio za kuunganisha majengo mawili, ulichagua ipi na nini kilikuponza?

Mwalimu_Arua
Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Shule yetu iko nje kidogo ya mji wa Arua. Intaneti inaingia ofisini, na chumba cha kompyuta kiko ng'ambo ya kiwanja cha mpira, mita 280. Waya wa kawaida wa mtandao mwisho wake ni mita 100, na bodi imekataa tusichimbe mtaro uwanjani. Kwa hiyo tunanunua redio mbili za kurushiana intaneti hewani. Muuzaji mmoja ananisukumia madishi makubwa ya kilomita 20. Pesa ni michango ya wazazi, wengine wameuza mihogo ili watoe, siwezi kuichezea. Mliowahi kufunga, niambieni.

Fundi_Busia
Mwalimu, madishi hayo yaache dukani. Mwaka 2019 nilifunga madishi mawili ya dBi 23 (dBi ni kipimo cha antena inavyokusanya mawimbi upande mmoja) kati ya ghala na ofisi ya mteja hapa mpakani, mita 150 tu. Nguvu ya mawimbi ikasoma -31 dBm (namba ikikaribia sifuri, mawimbi yana nguvu zaidi), nami nikafurahi. Kumbe redio ilikuwa imezidiwa, kama mtu anayepigiwa kelele sikioni: anasikia sauti, maneno hayashiki. Data zikawa zinapotea njiani, kasi inapanda na kushuka. Nilihangaika siku mbili nikibadilisha waya na swichi. Siku ya tatu nikapunguza nguvu ya kurushia mpaka ikasoma -48, ikatulia hapo hapo.

Sasa chini ya nusu kilomita nafunga zile ndogo bapa, mfano NanoStation loco M5 ya dBi 13. Umbali ukiongezeka mara mbili unapoteza dB 6 tu za nguvu ya mawimbi, kwa hiyo mita 280 kwake ni jirani. Ukizielekeza vizuri utasoma karibu na -50. Ikisoma kati ya -45 na -60, kaza skrubu ushuke ngazi.

Nunua mbili za aina moja. Kila kampuni ina lugha yake ya ndani, na ukichanganya zinaelewana kwa shida au hazielewani kabisa. Chukua za masafa ya GHz 5. Ile ya GHz 2.4 ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, na kila duka lenye waifai limejazana humo. Muulize pia muuzaji kama aina hiyo imeidhinishwa na UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda.

Sola_Nakivale
Sisi huku kambini tuliumizwa na umeme. Redio yetu ilitaka V 24 kupitia waya wa mtandao. Kijana akaona adapta ya kamera imelala mezani, tundu ni lile lile, akachomeka. Ilikuwa ya V 48. Harufu ya plastiki, basi. Kuna swichi zinazouliza kwanza kifaa kinataka nini kabla ya kutoa umeme, na kuna adapta zinazomwaga tu. Yetu ilikuwa ya kumwaga. Siku hizi adapta zote za V 24 tumezifunga utepe mwekundu.

Kama mnatumia sola: redio ndogo hula chini ya wati 8, yaani Wh (wati-saa) 192 kwa siku. Betri ya V 12, Ah 100, ukiitumia nusu tu, inakuvusha karibu siku tatu za mawingu kwa redio moja.

Dada_Mbarara
Mwalimu, kuna miti hapo katikati? Sisi tuliunganisha zahanati na nyumba ya wauguzi, kilomita 1, tukaonana vizuri kabisa. Mwaka wa pili mtandao ukaanza kukatika kila mvua ikinyesha. Tukalaumu redio, tukabadilisha moja, wapi. Ilikuwa mikaratusi ya jirani imepanda, na majani mabichi yenye maji yanayameza mawimbi. Mawimbi hayapiti kama uzi, yanapita kama mtumbwi, mnene katikati. Kwa GHz 5.8 na kilomita 1, kutoka mstari wa katikati hadi ubavuni ni mita 3.6. Kwa mita zako 280 ni karibu mita 2. Kuona tu bati la upande wa pili hakutoshi.

Ghorofa_Kampala
Mjini hapa GHz 5 nayo imejaa. Ofisi zetu mbili zinatazamana barabarani, mita 120, tukachukua Wireless Wire ya MikroTik ya GHz 60, inauzwa jozi. Masafa hayo huliwa na oksijeni yenyewe, kama dB 15 kwa kilomita. Kwa mita 120 hasara hiyo ni ndogo, na mawimbi ya jirani hayakufikii. Ila mwale ni mwembamba: nguzo ya mbao ikipinda kwa jua, umepotea. Tumia chuma.

Fundi_Busia
Nimesahau radi. Waya wa nje uwe wenye ngao, na ethi, waya wa kupeleka umeme ardhini, ifungwe pande zote mbili. Ngurumo za kwetu mnazijua.

Mwalimu_Arua
Asanteni sana, Mungu awabariki. Madishi nimeyaacha, nachukua zile ndogo mbili. Dada, upande wa goli la mashariki kuna mwembe. Kesho asubuhi napanda juu ya paa na kamba nipime matawi yake yako mita ngapi kutoka kwenye mstari. Fundi, nikishafunga nitaleta hapa namba nitakazosoma.