Nani atacheza mchujo wa kubaki Ligi Kuu msimu wa 2025/26?

Mdau wa Babati

Ndugu wadau, kabla filimbi ya kwanza ya msimu haijapulizwa, naomba tuuache kwa muda mjadala wa ubingwa, ambao kila mwaka humezwa na Yanga na Simba, tuitazame sehemu ya msimamo ambayo kwangu ndiyo yenye machungu zaidi, yaani nafasi ya 13 na ya 14. Timu mbili za mkiani hushuka moja kwa moja, ilhali hizi mbili hukutana nyumbani na ugenini. Mshindi hubaki, na aliyeshindwa hulazimika kupambana na timu iliyopenya kwenye mchujo wa Championship, ligi ya daraja la pili. Msimu uliopita tuliangukia huko sisi wa Fountain Gate, tukafungwa na Tanzania Prisons, tukanusurika mbele ya Stand United. Mateso hayo simwombei mtu yeyote.

Utabiri wangu ni Mbeya City na KMC. Mbeya City imetoka kupanda daraja, na KMC ni timu ya manispaa ambayo haina mfuko wa kushindana sokoni na timu za matajiri. Naomba hoja zenu, pamoja na sababu.

Shabiki wa Sokoine

Ndugu yangu wa Babati, kupanda daraja peke yake si hoja. KenGold ya Chunya ilipanda mwaka 2024 ikiwa bingwa wa Championship, ikaburuza mkia na kurudi ilikotoka baada ya msimu mmoja tu. Pamba Jiji iliyopanda nayo, tena ikiwa nyuma yake kwenye msimamo, ingali Ligi Kuu hadi leo bila hata kugusa mchujo. Ugeni ulikuwa uleule, matokeo yakawa mbali mbali.

Isitoshe, Mbeya City si mgeni wa ligi hii. Msimu wa 2013/14, ikiwa imepanda kwa mara ya kwanza, ilimaliza ya tatu chini ya Juma Mwambusi, na waliokuwapo uwanja wa Sokoine jijini Mbeya wanakumbuka jinsi jukwaa lilivyokuwa linajaa mapema. Ni kweli kwamba mwaka 2023 ilishuka kupitia mchujo huohuo, kwa kufungwa kwanza na KMC na kisha na Mashujaa ya Kigoma, lakini ndiyo sababu ninaamini viongozi wake wanajua thamani ya pointi moja ya mwezi Oktoba. Mimi nawataja Prisons na KMC.

Mdau wa Tabora

Ninachokiona katika tabiri zote mbili ni kwamba tunapima timu kwa sura yake ya Agosti, na mchujo haupatikani Agosti. Tabora United ilibaki Ligi Kuu mwaka 2024 kwa kuitoa Biashara United ya Mara, na wengi walikwisha kuiandikia kifo msimu uliofuata. Tarehe 7 Novemba 2024 ikaifunga Yanga mabao 3-1 pale Azam Complex.

Sasa itazameni Fountain Gate yenyewe, kwa heshima zote kwa mwanzisha mada. Katika wiki za mwanzo za msimu uliopita ilikuwa miongoni mwa timu za juu, ikifunga mabao kwa raha, na Selemani Mwalimu ndiye aliyekuwa mwiba wa mabeki. Januari 2025 akaenda Wydad Casablanca. Timu iliyozoea kumtafuta mtu mmoja kwa mipira ya nyuma ya mabeki ikabaki na pasi zilezile pasipo wa kuzifuata, na mzunguko wa pili ukageuka kuwa mteremko. Mwezi Septemba nani angeiweka nafasi ya 14? Kwa hiyo kabla sijataja jina lolote, naangalia ni timu gani inayotegemea miguu ya mchezaji mmoja ambaye dirisha dogo la usajili la katikati ya msimu linaweza kumchukua. Kwa kigezo hicho, bado nawaweka Fountain Gate, pamoja na Dodoma Jiji.

Shabiki wa Turiani

Hoja ya mdau wa Tabora ina uzito, ila nyote mmeisahau Mtibwa Sugar, na mimi kama mtu wa Manungu, uwanja wake wa nyumbani, siwezi kunyamaza. Hii ni timu iliyotwaa ubingwa mfululizo mwaka 1999 na 2000, kisha ikashuka mwaka 2024 bila hata kupewa nafasi ya mchujo. Imerudi ikiwa bingwa wa Championship, na ubingwa huo haunitulizi, kwa kuwa mfano wa KenGold tumekwisha kupewa hapo juu. Naihofia hasa safu ya ulinzi, maana kosa linalosamehewa daraja la chini huku huadhibiwa palepale.

Nawataja Mtibwa Sugar na KMC, na nikipewa leo nafasi ya 13 naichukua kwa mikono miwili, mradi mechi ya marudiano tuicheze nyumbani.