Madoff aliwezaje kuficha wizi miaka yote ile?

Muulizaji (Makorora, Tanga): Wakuu habari zenu. Hapa mtaani kuna jamaa anakusanya hela, anasema kila mwezi anakupa faida ileile haipungui, na shangazi yangu keshaweka laki tano, mwezi wa kwanza kalipwa kweli. Ndo nikakumbuka Bernard Madoff wa Marekani, tapeli wa uwekezaji alokamatwa Desemba 2008, makaratasi ya wateja wake yanaonyesha wana dola bilioni 65 ambazo hazipo. Alifanyaje asishtukiwe?

Jibu 1: Mkuu hakuwa anawekeza chochote, hela za wateja zinakaa tu benki, ukidai faida unalipwa hela ya aloingia jana. Ofisini watu wanapika taarifa za hisa kwa bei za siku zilizopita, bei ambazo tayari wanazijua, ndo maana faida inatulia tu hata soko likiyumba. Na nani amshuku, alishakuwa mwenyekiti wa NASDAQ, soko kubwa la hisa la Marekani!

Jibu 2: Kinachoniuma ni kwamba alishtukiwa. Harry Markopolos, mchambuzi wa mambo ya fedha, aliwaandikia wakaguzi wa serikali tangu 2000, wakaja kukagua, wakaamini maneno ya Madoff, hawakwenda kuhakikisha kama hisa zipo. Alichoshindwa ni 2008, uchumi ulipotikisika watu wakadai hela zao kwa pamoja akawa hana.

Muulizaji: Ahsanteni. Kesho nampitia shangazi tukadai laki tano yote, sio faida tu.

Jibu 2: Usingoje kesho ndugu yangu, mpigie leo hii.