Naombeni ushauri: ile 2% ya India inatuhusu sisi wa Changamwe?

Mla_Mahamri: Asalaam aleikum wanajamvi. Nimeingizwa kwenye bodi ya kampuni fulani hapa Changamwe, kampuni mama iko India. Nasikia kule sheria inalazimisha kampuni kutoa 2% ya faida kwa jamii. Nataka tuchimbe kisima Mikindani, wenzangu wananuna. Je, sheria hiyo inatubana? Kikao ni Jumatatu, usingizi sipati.

Bandari_Damu: Haiwabani. Hiyo ni Sheria ya Kampuni ya India ya 2013, kifungu 135: kampuni kubwa za huko hutumia 2% ya wastani wa faida ya miaka 3, tena kwa miradi ya hukohuko. Nyinyi mko chini ya Sheria ya Kampuni yetu ya Kenya, ya 2015. Kifungu 143 kinamtaka mkurugenzi aangalie pia wafanyakazi, jamii na mazingira. Asilimia hakijataja.

Baharia_Mstaafu: Meli yangu ilikuwa ya Wajerumani. Kule tangu 1976, kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 2,000, nusu ya bodi ya usimamizi ni wawakilishi wao. Kura zikilingana, mwenyekiti, ambaye huwa wa wenye hisa, ana kura ya ziada. Sisi mabaharia kura yetu ilikuwa wali au viazi.

Mama_Likoni: Visima! Kwetu walichimba, maji chumvi tupu, bango la kampuni kubwa kuliko tangi. Watu wa Mikindani umewauliza?

Bandari_Damu: Mwenye uzi, wenzio wananunia nini? Na nani anachimba?

Mla_Mahamri: Ubahili tu.

Bandari_Damu: Nani anachimba?

Mla_Mahamri: Shemeji yangu. Lakini ni fundi wa kweli, bei yake nafuu, na mtambo keshaufikisha pale tangu Ijumaa. Nimpe mgeni atule?

Ustadh_wa_Kibokoni: Haramu haigeuki halali kwa kutoa maji matamu. Mche Mungu.

Bandari_Damu: Sheria hiyohiyo inakutaka utangaze maslahi yako mbele ya bodi. Sema ni shemeji, iandikwe kwenye kumbukumbu, kisha toka nje wenzio waamue. Na huo mtambo uondoke kwanza.

Mla_Mahamri: Uondoke vipi, na lori limeshalipwa?

Yakhe_Tuktuk: Ngojeni kwanza. Huyu si ndiye juzi alikuwa akiulizia tuktuk ya mkopo? Leo mkurugenzi?

Mla_Mahamri: Ile ni ya mpwa wangu.

Mama_Likoni: Tuktuk ya mpwa, mtambo wa shemeji. Bodi yenyewe ya nani?

Baharia_Mstaafu: Tuachane na hayo. Ule mkopo wa tuktuk riba ngapi?