Acheni kuiharibu video ya bendi ya Queen ya Wembley 1985, imetosha sasa!

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Jumamosi usiku nilimkalisha mtoto wa dada yangu, ana miaka 14, aone kwa mara ya kwanza Queen, ile bendi ya rock ya Uingereza, wakipiga kwenye tamasha la hisani la Live Aid pale uwanja wa Wembley, London, tarehe 13 Julai 1985. Nikamwambia tulia hapa, huyu mwimbaji wao Freddie Mercury kazaliwa hapa hapa Unguja mwaka 1946, jina la nyumbani Farrokh Bulsara, na siku hiyo alikamata uwanja wenye watu kama elfu 72 kwa dakika 21 tu. Nikafungua video ya kwanza iliyotokea, imeandikwa 4K, yaani picha kali kupita kiasi, watazamaji mamilioni. Dakika tatu hazijaisha mtoto kaniuliza: "Mjomba, hii si imetengenezwa na akili mnemba?"

Iliniuma sana. Halafu nikatazama vizuri nikaona ana haki ya kuuliza. Uso wa Freddie umelainishwa mpaka unang'aa kama nta. Jasho hakuna! Mtu kavaa singlendi, anakimbia jukwaa zima juani mwezi wa saba, halafu hana tone la jasho. Masharubu yamekuwa kipande kimoja cheusi. Akizungusha ile nusu ya stendi ya maiki, vidole vinaungana kisha vinaachana. Mashabiki wa nyuma hawana macho kabisa.

Na bado hawajaridhika, wakaikata. Televisheni ya wakati ule ilikuwa 4:3, yaani upana nne kwa kimo tatu. Ukitaka ijae kwenye skrini za leo za 16:9 bila kuivuta, lazima utupe robo nzima ya picha, juu na chini. Sasa fika kwenye wimbo wa Radio Ga Ga. Kinachofanya watu wasisimke pale ni mikono, maelfu kwa maelfu inapanda juu ya vichwa, inapiga mara mbili kwa pamoja, inafunguka. Kwenye video hii imekatwa kwenye viganja. Unasikia makofi, huyaoni. Hivi aliyekata alitazama alichokuwa anakata?

Kuna wanaotetea eti bora picha kali kuliko ukungu. Jamani, ule ni mkanda wa televisheni ya Uingereza: mistari 576 ya picha, basi. Kompyuta haiwezi kurudisha kitu ambacho kamera haikunasa, inabuni tu. Maonyesho yao ya Montreal 1981 na Budapest 1986 ni habari nyingine, zile zilipigwa kwa filamu ya milimita 35, ndiyo maana zikisafishwa upya unaona mpaka nyuzi za gitaa la Brian May, mpiga gitaa wao. Hapo sibishi hata kidogo. Lakini Live Aid si filamu, na Wembley ya Julai 1986, ile ya koti la njano, nayo ni video. Msizifanyie kazi moja.

Halafu mwendo. Mkanda ule una nusu-picha 50 kwa sekunde, yaani mistari ya picha inaingia kwa zamu, nusu kwa nusu. Ukizichezesha zilivyo, Freddie anateleza jukwaani kama yuko mbele yako. Hawa wamelazimisha ziwe 60, zilizopungua zikabuniwa, kila akigeuka ghafla mwili unatetemeka. Na sauti imebandikwa kutoka toleo jingine: mdomo umeshafunga, neno ndiyo linafika.

Hasira yangu ni hii: ile ya asili imezama. Ukitafuta, kumi za kwanza zote ni hizi za nta, na huyo wa nta ndiye Freddie ambaye mtoto atamkumbuka. Nimeandika malalamiko chini ya video mara mbili, mara zote mbili yamefutwa.

Mwenye ile DVD ya Live Aid iliyotoka 2004, ambayo haijaguswa, naomba ani-PM. Nipo mjini, nitaifuata popote hapa Unguja, niitazame na huyu kijana tena kuanzia piano ya mwanzo.