Paneli ya sola ya kukunja kwa kambi ya Idjwi: tuchukue ukubwa gani, na tuichomeke wapi?

Mwalimu_Ibanda (Bukavu)

Hamjambo ndugu zangu. Katika likizo ya Julai tunatarajia kuvuka Ziwa Kivu kwa mashua hadi kisiwa cha Idjwi, pamoja na wanafunzi wakubwa na baadhi ya wazazi, tupige kambi siku kadhaa karibu na maji na kuwafundisha vijana kutambua ndege na mimea. Mahali tutakapolala hakuna umeme. Tutabeba simu nne, na mbili kati yake zitatumika mchana kutwa kupiga picha na kurekodi sauti za ndege. Kamera moja yenye betri mbili. Tochi za kichwani sita. Na kompyuta ndogo ambayo ningependa iwashwe kila jioni kwa muda wa saa moja ili tuhifadhi kazi ya siku.

Madukani hapa mjini nimeonyeshwa paneli za kukunja za wati 28, wati 60 na wati 100. Ipo pia moja ndogo iliyoandikwa wati 200, na bei yake ni nafuu kuliko ile ya 100. Ningependa kujua ukubwa unaotutosha, na kama inafaa kuchomeka simu moja kwa moja kwenye paneli au ni lazima kuwe na betri katikati. Fedha ni michango ya wazazi, kwa hiyo nataka kila faranga iende mahali pake.

Fundi_Katindo (Goma)

Yaya Mwalimu, pole na maandalizi. Nianze na hiyo ya wati 200, kwa sababu hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoumia. Jua kali la saa sita mchana huleta takribani wati 1000 katika kila mita moja ya mraba, na seli nzuri za monokristali (zilizokatwa kutoka fuwele moja ya silikoni) zinazouzwa siku hizi hugeuza kati ya asilimia 20 na 23 ya nguvu hiyo kuwa umeme. Maana yake ni kwamba paneli ya wati 100 inahitaji karibu nusu mita ya mraba ya seli, na ya wati 200 inahitaji karibu mita nzima. Nenda dukani na futi kamba, uifungue paneli yote, upime sehemu zenye seli tu bila kitambaa cha pembeni, halafu uzidishe urefu kwa upana. Ikiwa seli zote kwa pamoja hazifiki hata robo ya mita ya mraba, hiyo si paneli ya wati 200, hata mwenye duka akuapie.

Sasa tuangalie mahitaji yenu. Betri ya simu ya mAh 5000 (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri) hubeba wati-saa 19 hivi (wati-saa moja ni umeme wa wati moja kwa saa nzima), na ukiongeza umeme unaopotea njiani, simu nne zikijazwa kabisa kila siku zitadai wati-saa 100. Kwa betri za kamera na tochi tuweke 50, na kwa saa moja ya kompyuta tuweke 25. Jumla inakaribia wati-saa 175 kwa siku. Paneli nayo haitoi namba iliyoandikwa mgongoni, kwa kuwa namba hiyo ilipimwa maabara, seli zikiwa na joto la nyuzi 25 na mwanga ukiwa kamili. Huku nje, katika saa nzuri, tegemea asilimia 60 hadi 70 ya wati zilizoandikwa. Tukihesabu saa nne za jua zuri, ile ya wati 28 itawapa wati-saa 70 na kitu, ambazo zinamtosha mtu mmoja anayetembea na mkoba mgongoni. Ile ya wati 60 itafika 160 siku ikiwa njema, na wingu moja la muda mrefu litawaacha gizani. Ile ya wati 100 itafika kama 260, nanyi mtakuwa na akiba. Julai kwetu ni kiangazi, lakini kiangazi cha Kivu huja na ukungu wa vumbi na moshi wa mashamba, na ukungu huo hupunguza umeme hata siku ambayo jua linaonekana. Chukueni ya 100.

Kuhusu kuchomeka simu moja kwa moja, inawezekana, ila sikushauri. Wingu likipita, umeme wa paneli huanguka ghafla, na simu nyingi huacha kuchaji au hurudi kuchaji polepole sana hata baada ya jua kutoka, mpaka mtu achomoe waya na kuuchomeka upya. Isitoshe, simu zenu zinahitajika mkononi mchana, saa zilezile ambazo jua lipo. Mchana jua lijaze betri, usiku betri ijaze vyombo.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni hili la matundu. Tundu la kawaida la USB kwenye paneli hutoa volti 5 na ampea 2.4, yaani wati 12 tu. Ukinunua paneli ya wati 100 ukachomeka pawabenki moja kwenye tundu hilo, umelipia wati 100 na unatumia 12. Kwa sababu hiyo, kwa kundi lenu, badala ya pawabenki nyingi tafuta sanduku la betri la wati-saa 250 hivi, lile lenye matundu ya USB na soketi, ambalo hupokea umeme kupitia waya mnene wa paneli wenye volti 18. Uliza kama kidhibiti chake cha chaji ni cha aina ya MPPT, kwa kuwa aina hiyo hufuata mabadiliko ya jua na kuvuna zaidi. Uliza pia kama betri yake ni ya lithiamu ya fosfati ya chuma: ni nzito kidogo, lakini huvumilia kujazwa na kutumiwa mara elfu mbili na zaidi, ilhali aina nyingine za lithiamu nyingi huanza kuchoka baada ya mara mia kadhaa. Shule itaitumia miaka mingi.

Mama_Kampemba (Lubumbashi)

Mwalimu, Fundi ameeleza vizuri upande wa ununuzi, nami naomba nizungumzie kuitandika, kwa maana kazi yangu hunipeleka vijijini na paneli ya namna hiyo ndiyo inayonibeba.

Vijitabu vingi vinavyokuja na paneli hizi viliandikwa kwa watu wa kaskazini ya dunia, na vinasema paneli ielekezwe kusini. Sisi tuko kusini ya ikweta. Hapa Lubumbashi, tangu mwishoni mwa Februari hadi kuelekea mwisho wa Oktoba, jua la saa sita hupita upande wa kaskazini, na mwezi Juni huinama nyuzi 35 kutoka utosini. Kwenu Bukavu mwezi huohuo huinama nyuzi 26 hivi, nako ni kaskazini. Mkifuata kijitabu mnamo Julai, mtakuwa mmeligeuzia jua mgongo. Asubuhi ielekezeni mashariki mkiiinamisha sana, saa sita iinamisheni kidogo kuelekea kaskazini, alasiri magharibi. Chukueni kalamu, muisimamishe wima juu ya uso wa paneli, na mgeuze paneli mpaka kivuli cha kalamu kipotee chini yake. Hapo inatazama jua sawasawa. Wapeni wanafunzi wawili kazi hiyo wakati wa jua la mchana, nayo itakuwa sehemu ya somo lao.

Kivuli ni adui mkubwa kuliko mnavyodhani. Seli zimeungwa kwa mfuatano, moja baada ya nyingine, kwa hiyo tawi dogo au kamba ya hema ikitia kivuli kwenye seli chache, umeme wa sehemu kubwa ya paneli unaweza kuanguka. Watu hupenda kuitandika chini ya mti pale wanapopumzikia, kisha hushangaa sanduku halijai. Kivuli mkiachie sanduku lenyewe, maana betri haipendi joto: liwekeni nyuma ya paneli, kwenye kivuli chake.

Hata paneli yenyewe hupungukiwa na nguvu ikichemka, kiasi cha asilimia 0.3 hadi 0.4 kwa kila nyuzi moja juu ya 25, na seli zilizolazwa juu ya ardhi ya moto hufika 60 kwa urahisi. Ndugu zetu wa Goma wanaopiga kambi juu ya mawe meusi ya volkano wanalijua joto hilo. Isimamisheni kwa miguu yake ili hewa ipite chini.

Msafiri_Katuba (Lubumbashi)

Asanteni kwa mafunzo haya. Mimi nasafiri kwa ndege mara kwa mara kwenda Kinshasa na vyombo vyangu vya kazi. Je, sanduku la betri la wati-saa 250 linaruhusiwa ndani ya ndege ya abiria?

Fundi_Katindo (Goma)

Ndugu Msafiri, haliruhusiwi, si ndani na si kwenye mizigo ya chini. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga huruhusu betri ya akiba isiyozidi wati-saa 100 ibebwe mkononi. Kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege, na zisizidi mbili. Zaidi ya 160 hapana. Pawabenki ya mAh 20,000 ni wati-saa 74 (mAh mara volti 3.7 za betri, gawanya kwa 1000), kwa hiyo inapita. Ya mAh 30,000 ni 111, na bila idhini itabaki kwenye meza ya ukaguzi. Paneli isiyo na betri ndani yake haina tatizo. Kwa safari zako, pawabenki mbili za mAh 20,000 zenye tundu la USB-C la kuchaji kwa kasi na paneli ya wati 60 yenye tundu la aina hiyohiyo ni mpango mzuri kuliko sanduku.

Mwalimu_Ibanda (Bukavu)

Mungu awabariki, Mama na Fundi. Leo nimekwenda na futi kamba: seli za ile "wati 200" zote pamoja hazikufika hata sehemu ya sita ya mita ya mraba, nami nimemwomba muuzaji aniwekee ile ya 100. Yamebaki mawili. Mzazi mmoja ana paneli yake ya wati 100 na yuko tayari kutuazima. Je, tunaweza kuziunga zote mbili kwenye sanduku moja? Pia, mashua hurusha maji, na paneli imeandikwa kwamba inastahimili maji. Je, ni sahihi kuliamini andiko hilo?

Fundi_Katindo (Goma)

Yaya, kabla ya kuunga chochote, soma kwenye sanduku kiwango cha juu cha volti linachopokea. Masanduku mengi madogo huishia volti 28 au karibu na hapo. Paneli moja ya wati 100, ikipimwa kwa mita bila kitu kuchomekwa, huonyesha volti 21 hadi 24. Mkiziunga kwa mfuatano, volti zinajumlika na kuvuka 40, na sanduku linaweza kuungua mara moja. Ziungeni sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kwa waya wa matawi mawili unaouzwa kwa kazi hiyo. Hapo volti hubaki zilezile na ampea ndizo zinazoongezeka. Angalia pia wati za juu ambazo sanduku linapokea, kwa maana kama mwisho wake ni 100, paneli ya pili itawasaidia siku za mawingu tu. Hata hivyo kwa hesabu yenu siku hizo ndizo za kuogopa, kwa hiyo ibebeni.

Kuhusu maji, uso wa paneli huvumilia mvua, lakini kisanduku kidogo cha nyuma chenye matundu ya USB mara nyingi hakivumilii, na sanduku la betri halivumilii kabisa. Katika mashua vifunge vyote ndani ya mfuko mzito wa plastiki uliokazwa mdomo, na paneli iliyokunjwa iwekwe mahali ambapo hakuna atakayeikalia, kwa sababu seli zikipata ufa hazitengenezeki. Mkifika Idjwi, kabla ya kuchomeka, hakikisheni matundu yote ni makavu.